Mawaridi Kumi na Mawili ya Bi Yordanka

Kila asubuhi Snezhana na binti yake Galena walibadilisha maji ya ndoo, wakakata vikonyo vya maua na kuyapanga upya. Kisha walikaa kusubiri wateja. Zamani mji wao wa Lom ulikuwa na watu. Sasa vijana wako Ujerumani na Hispania, na waliobaki ni wazee wanaonunua maua pale tu panapotokea msiba. Tangu baba yake Galena afariki, hata redio ya dukani haikuwashwa tena.

Waliohama walikuwa bado wanawakumbuka wazazi wao waliozikwa Lom. Waliagiza maua ya kupelekwa makaburini, lakini waliagiza kwa simu, kwenye maduka ya mji mkuu, Sofia, yenye tovuti. Duka la Snezhana halikuwa na tovuti. Naye alikuwa amesema wazi kwamba Jumamosi ya Marehemu, ile ya kabla ya Kwaresima, ikipita bila wateja, atafunga.

Galena aliahidi kutengeneza tovuti. Alitaka kuitengeneza mwenyewe tangu mwanzo, kwa hiyo akaanza kujifunza kuandika msimbo, yaani yale maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, lakini alikuwa mkaidi. Vuli ikaisha, theluji ikaanguka, na tovuti ilikuwa na jina la duka na picha moja iliyolala upande.

Jirani yao Ognyan alikuwa mwandishi wa programu. Alirudi kutoka Sofia kumuuguza mama yake, akawa anafanyia kazi nyumbani. Alipoiona ile picha, alimshauri Galena atumie kurasa zilizotengenezwa tayari. Unachagua muundo, unaweka picha zako, unaandika maneno yako, basi. Hakuna haja ya kujua msimbo.

"Hayo ni maua ya plastiki, kaka Ognyan," Galena akasema. "Mimi nataka ya kupanda mwenyewe."

"Panda. Lakini mama yako ana njaa leo, na wewe unamwonyesha mbegu."

Galena alinuna. Mama yake hakumlaumu. Alianza tu kuulizia nani angenunua jokofu la maua, na hilo lilimuuma Galena kuliko lawama. Akakubali yaishe. Alichagua ukurasa ulio tayari, na mchana mmoja ukatosha kuumaliza.

Ulipendeza kweli, lakini aliutengeneza kwa hasira na hakuusoma vizuri. Muundo ule ulitoka nchi ambako mawaridi huuzwa kwa dazeni. Ulimpa mteja nafasi ya kuchagua sita, kumi na mawili, au ishirini na manne. Galena akauacha hivyo hivyo. Na hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba aliye hai hapewi maua kwa jozi, yaani kwa idadi inayogawanyika kwa mbili. Jozi ni za maiti.

Agizo la kwanza lilitoka Madrid, kwa binti wa Bi Yordanka. Mawaridi kumi na mawili, yapelekwe nyumbani kwa mama. Snezhana alisoma, akakaa kitini. Alisoma darasa moja na Yordanka, na alikuwa amesikia kwamba amepasuliwa tumbo. Kumbe hakupona. Alilia kidogo, akayafunga maua kwa utepe mweusi, akavaa kitambaa cheusi na kwenda kuhani.

Mlango ulifunguliwa na Yordanka mwenyewe, ameshika mkongojo. Aliutazama utepe. Akayahesabu maua.

"Umewahi mno, shoga," akasema. "Bado napumua."

Kisha akafunga mlango, na Snezhana akamsikia analia ndani. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa unacheka, na wasiocheka walisema duka lile lina mkosi.

Galena alitaka kufuta kila kitu na kurudia msimbo wake. Ognyan alimzuia.

"Ungeandika kwa msimbo ukasahau kukagua, kosa lingekuwa lile lile," alimwambia. "Kifaa hakijui desturi za watu. Unayejua ni wewe."

Alimweleza polepole. Kwanza ujiulize tovuti itafanya kazi gani, inahitajika lini, na nani ataitunza. Kama ni kuonyesha bidhaa na kupokea maagizo, na haraka ipo, ukurasa ulio tayari unatosha. Jina la tovuti uliandikishe kwa jina lako mwenyewe. Picha na maandishi ubaki na nakala zake, maana wenye kurasa hizo wakifunga au wakipandisha ada, utahitaji kuhama. Tena, kabla ya kufungua, mtu mwingine ajaribu kuagiza. Msimbo ni wa anayetaka kuufanya kuwa kazi yake, au mwenye shida ambayo kurasa zilizo tayari haziwezi kuitatua. Msimbo unataka muda.

"Kwa hiyo niache kujifunza?"

"Nani kasema? Jifunze. Ila mama yako asilipie masomo yako kwa duka lake."

Maneno hayo yalimwingia. Galena aliondoa dazeni, akaongeza swali: maua ni ya aliye hai, au ya marehemu? Snezhana alijaribu kuagiza mwenyewe, akalalamika kwamba herufi ni ndogo mpaka zikakuzwa. Kisha mama na binti wakaenda kumwomba radhi Bi Yordanka, na maua mkononi. Aliwasamehe, ingawa alihesabu kwanza.

Jumamosi ya Marehemu ilipofika, maagizo yalizidi mikono yao, na Ognyan akawabebea maua kwa gari lake. Habari ya kuuza jokofu ikaisha. Galena anaendelea kujifunza msimbo asubuhi, kabla ya kufungua duka.

Siku hiyo kulikuwa na agizo la mwanamume aliyeko Hamburg. Penye nafasi ya anwani aliongeza maneno: "Ni ya mama. Mwambieni nitakuja kiangazi." Snezhana aliweka maua kaburini, akatazama huku na huku, kisha akayasema maneno yale kwa sauti, kama yalivyoandikwa.

Aliporudi alimsimulia binti yake. Galena akafungua tovuti na kuongeza nafasi nyingine chini ya maua ya marehemu: "Tumwambie nini?" Mpaka Pasaka inafika, hakuna mteja aliyeiacha wazi.