Sahani Zilikwenda Wapi?

Hermila alikuwa anapika chapati za mahindi. Maharage yalichemka kwenye jiko la pili. Binti yake, Yadira, alikuwa anafunga kamba za viatu mlangoni.

"Yadira, njoo ule."

"Sina njaa, mama. Nitakula njiani."

Kula njiani maana yake ilikuwa soda moja na pakiti ya viazi vya kukaanga kutoka duka la karibu na shule. Hermila alilijua hilo. Alikuwa amechoka kulisema.

Huku milimani kwetu Oaxaca, kila kijiji kina uwanja wa mpira wa kikapu. Paa la kanisa linaweza kuvuja na barabara ikakatika, lakini mistari ya uwanja itapakwa rangi. Kila Oktoba, kijiji chetu cha Yagalana husherehekea sikukuu ya mtakatifu wake, Luka. Timu kutoka vijiji kumi na viwili huja, zinacheza siku tatu, na sisi tunawalisha wote. Mwaka huo mkutano wa kijiji ulimchagua Hermila kusimamia jiko la sikukuu. Kazi hiyo haina malipo, na huwezi kuikataa.

Yadira, mwenye miaka kumi na sita, alichezea timu ya wasichana. Mwaka uliopita walifika fainali. Walikuwa wanaongoza kwa pointi nane. Robo ya mwisho miguu yao ikafa. Yadira alitapika nyuma ya benchi, na kombe likaenda kijiji kingine. Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja ambalo halikumwacha.

Alimuuliza Delfina, jirani yao, ambaye ni muuguzi wa zahanati. Delfina alikuwa amepita asubuhi hiyo kuomba pilipili.

"Dada Delfina, kwa nini miguu yangu iliisha siku ile? Mazoezi nilifanya."

Delfina akaketi. "Siku ile ulikula nini?"

"Soda."

"Na nini?"

"Soda nyingine."

Fausto, baba yake Yadira, akacheka akiwa anavaa kofia. "Huyu amenirithi mimi. Mimi bila chupa yangu ya soda shambani sinyanyui jembe."

"Lete hiyo chupa yako, kaka," Delfina alisema. "Na wewe Yadira, lete glasi, kijiko cha chai na sukari."

Delfina akamwonyesha Yadira maandishi madogo ubavuni mwa chupa. Yalisema kiasi cha sukari kwa gramu. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu nne. Yadira akagawanya kwa kidole mezani, kisha akaanza kuchota sukari na kuitia katika glasi tupu. Kimoja, viwili, vitatu. Alipofika kumi alisimama akamtazama Delfina.

"Endelea."

Alimaliza kwenye kijiko cha kumi na tano. Glasi ilikuwa na sukari inayokaribia vidole viwili. Fausto alivua kofia.

"Yote hiyo imo humu?"

"Yote. Mwili unaipokea haraka na inaisha haraka. Hermila, ukitaka kupika maharage, unawasha moto wa majani makavu?"

"Majani yanawaka na kuzimika kabla maji hayajapata moto," Hermila alisema. "Maharage yanataka kuni."

"Basi. Soda ni majani makavu. Maharage, chapati, yai, ndizi, hizo ndizo kuni. Ule shibe yako saa mbili au tatu kabla ya mchezo. Wakati wa mchezo, maji safi na machungwa. Ungekula hivyo, ungekimbia mpaka filimbi ya mwisho. Na wewe, kaka Fausto, unamkumbuka mama yako?"

Fausto alimkumbuka. Mama yake aliugua kisukari na alikatwa vidole viwili vya mguu kabla ya kufariki. Fausto aliirudisha chupa mezani. Siku hiyo alikwenda shambani na kibuyu cha maji.

Wiki hiyo Hermila alianza kupiga hesabu ya jiko la sikukuu. Watu mia nne, milo mitatu, siku tatu. Hiyo ni sahani elfu tatu na mia sita. Kila mwaka kamati iliagiza zile sahani nyeupe nyepesi za povu la plastiki, zinazotumika mara moja na kutupwa. Hermila akamgeukia mumewe.

"Fausto, zile za mwaka jana zilikwenda wapi?"

"Zilitupwa korongoni, nyuma ya uwanja."

"Nimepita hapo juzi. Hakuna kitu."

"Mvua ilizichukua."

"Ikazipeleka wapi?"

"Mke wangu, mvua nayo huulizwa inakwenda wapi?"

Hermila aliona ni swali la haki. Jumamosi alimchukua Yadira na Delfina, wakashuka na korongo. Hapo mwanzo waliona sahani chache tu, zimenasa kwenye mizizi. Chini zaidi, korongo lilipoingia mtoni, waliona vipande vyeupe kila mahali, vidogo kama punje za mahindi. Yadira akaokota kimoja akakivunja. Kikawa viwili.

"Havitaoza?" aliuliza.

"Mimi na wewe tutazeeka navyo viko," Delfina alisema. "Vinavunjika tu, vinazidi kuwa vidogo. Samaki wanavila wakidhani ni chakula. Na ukivichoma, moshi wake ni sumu ya mapafu."

Walitembea karibu saa mbili, mpaka walipofika kwenye tangi la maji la kijiji cha Lachita. Maji ya mto huingia tangini kupitia wavu wa chuma. Mwanamke mmoja alikuwa amepiga magoti hapo, mikono imezama mpaka viwiko, anachomoa takataka kwenye wavu. Wakamsalimia. Jina lake lilikuwa Otilia.

"Mnatoka wapi, wenzangu?"

"Yagalana," Hermila alisema.

Otilia akanyoosha mgongo. "Ahaa. Nyinyi ndio mnaojua kusherehekea. Kila Oktoba mkimaliza sikukuu yenu, mnatuletea sisi ya kwetu. Mwaka huu nimetoa hata kofia ya karatasi ya sherehe ya kuzaliwa ya mtoto."

Hermila alisikia uso wake unawaka moto. Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini aliona neno hilo halitasafisha wavu. Akavua viatu, akaingia majini. Yadira na Delfina wakamfuata. Walisafisha mpaka jua lilipopita utosini. Otilia aliwapa maparachichi na chumvi, wakala wote wanne kwenye jiwe moja.

Mkutano wa kamati ulifanyika Jumatano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Genaro, mwenye sauti nene na moyo mwema, lakini hapendi kubadilishiwa mambo. Hermila alisimama akasema anachotaka. Kwanza, hakuna sahani za kutupa. Kila mgeni aje na sahani yake, kikombe chake na kijiko chake. Pili, badala ya soda, wawekewe maji yaliyochemshwa, maji ya ukwaju na maji ya maua mekundu ya rozela yenye sukari kidogo.

Kukawa na minong'ono.

"Mwanangu," Mzee Genaro alisema, "mgeni tumwambie aje na sahani yake, kama mfungwa? Na soda ni heshima. Watasema Yagalana tumefilisika."

Watu wakacheka. Yadira, aliyekuwa mlangoni na wenzake wa timu, akaja mbele na glasi yake na pakiti ya sukari. Alihesabu vijiko kumi na vitano kwa sauti, mbele ya wote. Kisha akatia maji, akakoroga, akamsogezea mwenyekiti.

"Babu, hii ndiyo heshima. Karibu."

Mzee Genaro aliitazama glasi. Alionja mara moja, akakunja uso. Akaonja tena, kana kwamba haamini.

"Inakwaruza koo," alisema polepole. "Ile ya chupa haikwaruzi."

"Imepozwa na kutiwa gesi, babu. Sukari ni ileile."

Hermila akawaeleza kuhusu wavu wa Lachita. Hakulaumu mtu. Alieleza tu alichokiona, na jinsi mikono ya Otilia ilivyokuwa imezama kwenye takataka. Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee Genaro alisema, "Jaribuni kwanza Jumapili kwenye mechi za mazoezi. Tukiaibika, tuaibike kidogo."

Na kweli waliaibika kidogo. Jumapili ile watu sitini walikula, na sahani zikaoshwa kwenye beseni moja. Baada ya sahani ishirini, maji yalikuwa kama mchuzi. Foleni ikarefuka. Mwanamume mmoja alipokea sahani yenye mafuta, akaifuta kwenye suruali yake na kusema, "Suruali yangu sasa imeshiba."

Hermila alibeba beseni lake, akarudi nyumbani. Delfina alimfuata.

"Usife moyo. Sisi tumekosea njia, hatujakosea safari. Beseni moja halitoshi. Weka matatu. Kabla ya yote, mabaki yakwanguliwe kwenye ndoo, wapelekewe nguruwe na kuku. Beseni la kwanza, maji ya moto na sabuni. La pili, maji safi ya kusuuza. La tatu, maji yenye klorini kidogo, kwa kipimo nitakachokupa zahanati. Kisha sahani zianikwe zikauke zenyewe. Usizifute na kitambaa, kitambaa ndicho kinachobeba vijidudu. Na maji yabadilishwe kila yanapochafuka."

"Nani ataosha sahani mia nne?"

"Kila mtu aoshe yake."

Hermila akafikiri. "Basi tuweke vituo vinne. Kimoja kila kona ya uwanja, wasikose mechi."

Barua zikapelekwa vijiji vyote: njooni na sahani zenu. Hermila aliazima sahani mia moja za udongo na za chuma kwa watakaosahau. Wasichana wa timu walianza kula pamoja asubuhi, maharage na mayai na chapati za mahindi, kwa zamu katika nyumba zao. Wiki ya kwanza Yadira alilalamika kuwa tumbo limezoea kulala. Wiki ya tatu alikuwa anaamka akiuliza chakula.

Sikukuu ilipofika, wageni walikuja na sahani za kila namna, Otilia wa Lachita naye akiwemo. Walikuwapo waliokuja na mabakuli ya babu zao. Kijana mmoja alileta sufuria nzima, akasema barua haikutaja ukubwa. Jikoni kulikuwa na kuku wa mchuzi, maharage, mboga ya maua ya maboga, machungwa yaliyokatwa, na mapipa ya maji ya ukwaju. Watoto wachache waliuliza soda. Walipoonja ukwaju, walirudi kwenye foleni. Mzee Genaro alijiweka mwenyewe kwenye kituo cha kwanza cha kuoshea. Kila aliyepita alimwambia, "Kwangua kwanza. Nguruwe wangu hawali sabuni."

Siku ya tatu wasichana wa Yagalana walicheza fainali. Robo ya mwisho ilipoanza, Hermila aliacha sufuria akaja kusimama kwenye mstari. Yadira alikimbia. Alikimbia akashuka, akapanda, akanyang'anya mpira, akafunga. Zilipobaki dakika mbili bado alikuwa anakimbia. Walipoteza kwa pointi mbili.

Yadira alikuja kwa mama yake akilia kwa hasira. "Nilikuwa bado nina miguu, mama. Wangetuongezea dakika tano tu."

"Nimeona," Hermila alisema. "Kijiji kizima kimeona."

Kocha wa timu iliyoshinda alikuwa amesimama kando ya pipa, kikombe mkononi. Aliuliza kama ukwaju ule unalowekwa usiku kucha au unachemshwa.

Kesho yake waliokuja kufagia uwanja walijaza magunia matatu tu. Walimaliza kabla ya saa nne, wakabaki wanatazamana hawajui wafanye nini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Hermila hakulitarajia. Sahani ishirini na saba zilikuwa zimesahaulika, na hakuna iliyokuwa ya Yagalana. Alizipanga mezani kwake. Wiki mbili nzima wenyewe walikuja, mmoja mmoja, kila mtu akifuata yake. Huwezi kuipokea sahani yako ukaondoka tu. Waliketi, wakanywa kahawa, wakauliza kuhusu mabeseni matatu, wakaeleza ya kwao.

Wa mwisho alikuwa Otilia. Alikuwa amepanda mlima kwa muda wa saa mbili na nusu kufuata sahani ya buluu yenye ufa ukingoni.

"Umekuja mbali kwa ajili ya sahani yenye ufa," Hermila alimwambia.

"Ni ya mama yangu." Akaketi, akajipepea kwa kofia. "Na nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jana nilikwenda kusafisha wavu. Nilikuta majani, na kaa mmoja wa mtoni. Nikakaa hapo kidogo sina kazi."

Hermila akaichukua sahani ya buluu, akaijaza maharage ya moto, akaweka chapati mbili juu yake.

"Kula kwanza," alisema. "Utaiosha mwenyewe."