Mkoba Wenye Kiu

Mkoba ulikuwa umekunywa mafuta yote, na bado ulikuwa mkavu.

Fundi aliugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Aliupaka asubuhi ile kwa kitambaa cha pamba, akizungusha mkono taratibu kama kawaida yake. Ngozi kuukuu ikishiba humeta kidogo na kuacha utelezi kwenye vidole, na mabaki unayafuta. Huu haukubakiza kitu. Akaupaka tena, na ngozi ikayavuta mafuta mbele ya macho yake, kutoka pembeni kwenda katikati, kama mchanga unavyovuta maji.

"Huo una kiu kuliko mjomba wangu mwisho wa mwezi," alisema mumewe, aliyekuwa mlangoni akifunga kamba za viatu vyake vilivyojaa madoa. Yeye kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi.

"Ngozi ikikaa miaka bila kutunzwa hukauka mpaka moyoni, baba Chiriku. Si kosa lake."

Ndivyo alivyokuwa. Mikoba ya ngozi iliyochakaa aliihurumia kama wagonjwa. Watu walimletea mikoba ya mama zao na bibi zao, mingine imepasuka midomo, mingine imeota ukungu, naye aliifufua katika chumba cha nyuma, juu ya meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani. Aliipiga vumbi kwa brashi laini, akaipangusa kwa sabuni kidogo, akaianika kivulini, akashona palipofumuka kwa uzi wenye nta. Halafu ndipo mafuta. Na kabla ya mafuta ni lazima mkoba ujazwe nguo kuukuu, usije ukalegea ukapoteza umbo. Wengine hujaza magazeti, lakini wino wake huchafua bitana. Fundi alitumia mashati ya mumewe yaliyoraruka.

Mara hii mashati yalikuwa mabichi kwenye kamba, na hakutaka kazi ya mteja ilale. Alifungua sanduku la nguo zilizokuwa zimembana binti yake, akatoa magauni mawili na sweta, akaujaza mkoba mpaka ukasimama wima.

Mteja mwenyewe alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani mikubwa. Aliuleta umeviringishwa kwenye shuka, akaufungulia mezani bila kuugusa, akisema mikono yake haipatani na ngozi. Fundi alimwonea huruma, akampa kiti na maji ya kunywa.

"Usijali kung'aa, mwanangu," mama yule alisema. "Wewe ulishe mafuta tu. Mengi."

Baada ya siku chache harufu ilibadilika. Chumba cha nyuma sikuzote kilinukia nta na sabuni. Sasa Fundi akifungua mlango alikutana na harufu aliyoijua mahali pengine, akashindwa kuikumbuka, mpaka siku moja alipoinama kumbusu binti yake shingoni. Ndipo alipoikumbuka. Ile harufu ya joto ya mtoto aliyetoka usingizini ilikuwa imemtoka mtoto, ikahamia chumba cha nyuma. Shingo ya mtoto yenyewe haikunukia kitu.

Binti alikuwa na miaka minne. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipoyajua maneno hakuwahi kuyapa mapumziko. Alikuwa akikaa chini ya meza ya mama yake na kuihoji mikoba: wewe mama yako nani, wewe mbona una mdomo mkubwa. Wiki ile aliuliza maswali machache. Kisha akauliza moja tu, kwa sauti ya kukwaruza, kutwa nzima.

"Mama, maji?"

Alikunywa kikombe, akanywa kingine, na midomo yake ikabaki imepasuka. Ngozi ya viwiko vyake ilianza kuchanika vijistari vyeupe. Zahanati walimtazama kooni, wakampa dawa ya kuchanganya na maji, wakasema ni joto. Muuguzi mmoja aliwafuata mpaka nje kuwapa pakiti ya ziada kutoka mfukoni mwake, na Fundi alimkumbuka kwa wema huo hata baadaye, ingawa pakiti haikusaidia.

Na mkoba ulizidi kunona. Ulikuwa laini sasa, wa rangi ya hudhurungi yenye uhai, na ukiuwekea kiganja ulikuwa na joto.

Mchana mmoja Fundi alikuwa jikoni akiosha vyombo. Chiriku alilala sebuleni kwenye mkeka, na mama yake alimwona waziwazi kupitia mlangoni, mdomo wazi, kifua kikipanda na kushuka.

"Mama," Chiriku aliita kutoka chumba cha nyuma.

"Abee, mwanangu," Fundi aliitika, kwa mazoea tu, kama mama yeyote, na sahani ikamteleza mkononi kwa sababu mtoto wa kwenye mkeka hakuwa amefumbua hata jicho, na sauti iliyomwita haikukwaruza, ilikuwa ile sauti yake nzuri ya zamani, ya kuimba, iliyokuwa imepotea wiki nzima, na sasa ilikuwa ikicheka kule nyuma ya mlango uliofungwa, ikicheka polepole kama mtu anayejifunza, na kila ilipocheka midomo ya mtoto wa kwenye mkeka ilipasuka kidogo zaidi.

Aliporudi mumewe alimkuta amekaa kizingitini, mtoto mapajani.

"Nyamaza usikilize," alimnong'oneza.

Mumewe alisikiliza. Alikuwa mtu wa mzaha, na mdomo wake ulikuwa tayari kwa mzaha. Halafu kule nyuma sauti ikasema, "Baba amekuja," na yeye akaweka ndoo yake ya rangi chini, taratibu sana, kama aliyeogopa kumwamsha mtu.

"Huyo ni nani?" alinong'ona.

"Si huyu uliyemzaa."

Jirani yao, Mama Cherehani, ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, mzee mfupi aliyevua viatu mlangoni na kuvipanga vizuri, asije mtu akajikwaa. Hakubeba hirizi wala mkoba wa dawa. Alimshika Chiriku kiganja, akakaa naye kitambo akimwambia habari za kuku wake, mpaka mtoto akatabasamu kwa midomo yake ile. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akatoka haraka.

"Nani ameulisha?"

"Mimi," Fundi alisema.

"Na nguo zilizomo ndani?"

Fundi alimweleza habari za mashati mabichi. Mganga akafumba macho.

"Jini la namna hii halina mwili, lina kiu. Likikauka husinyaa, haliwezi kitu ila kuita. Wewe umelinywesha, kisha ukalivika nguo za mtoto. Kwake ni kama umeliambia, mtoto huyu ni wako, jifunze kuwa yeye."

"Basi tuuchome," alisema mumewe.

"Ukiuchoma limekosa nyumba, na njia ya kwenda kwa mtoto lishaijua. Ukiutupa, ataokota mtu mwenye huruma kama mkeo, aupake mafuta." Alimgeukia Fundi. "Mimi naweza kulisomea lisitoke chumbani. Lakini sikulilisha mimi. Mkono uliolisha ndio unaonyima. Mafuta uliyoyatia, je, yanaweza kutoka?"

Fundi alifikiri. Mafuta yakimwagika kwenye ngozi huwezi kuyaosha kwa maji. Unayafunika kwa unga wa chaki, unaacha yapande yenyewe, unapangusa, unafunika tena.

"Yanatoka," alisema. "Ila ngozi inakufa."

"Ife. Na jambo moja. Litakuita. Ukiitika, umelilisha."

Asubuhi iliyofuata aliingia na chaki iliyotwangwa. Hakuwa na ujasiri. Alikuwa na hasira. Alikasirikia mkoba, akakasirikia kitambaa chake cha pamba, akaikasirikia mikono yake mwenyewe iliyokuwa imezunguka na kuzunguka kwa upendo juu ya kitu kilichokuwa kikimnyonya mwanawe. Alitia mkono ndani kutoa magauni na mdomo wa mkoba ukajifunga kwenye kifundo chake, bila meno, kwa nguvu ya kitoto, kama mtoto anavyong'ang'ania asiachwe. Aliuvuta mkono, nguo zikatoka. Zilikuwa na joto.

"Mama, unaniumiza," mkoba ulisema.

Akamwaga chaki.

"Mama, mimi Chiriku. Mama, kwa nini? Nimefanya nini, mama?" Na nje ya mlango mganga alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, na Fundi alisugua chaki kwenye pembe, kwenye mshono, chini ya mpini, akaona ikigeuka manjano na kulowa, akapangusa, akamwaga nyingine, na sauti ikalia kilio chote alichokijua, kilio cha njaa na cha homa na cha jino la kwanza, hata kile cha siku aliyozaliwa ambacho hakuna mtu mwingine angekikumbuka, na maziwa yaliyokuwa yamekauka zamani yakamwuma kifuani, naye akauma meno, asitamke neno, akimwaga na kupangusa, akimwaga na kupangusa, machozi yakimdondoka kwenye chaki na kumwongezea kazi, mpaka ngozi ikatoa mlio kama wa jani kavu na ufa ukapita katikati ya mkoba kutoka juu hadi chini.

Kilio kikapungua kuwa mnong'ono.

Sebuleni Chiriku alikohoa, akaomba uji, kisha akamwuliza Mama Cherehani kwa nini ana ndevu moja kidevuni. Mama Cherehani alijibu kuwa ni uzi wa cherehani umejishona, na wote wawili wakacheka. Fundi alisikia, akaketi sakafuni palepale.

Mteja alirudi siku ya nne. Hakubisha hodi. Alisimama uani, miwani ikimeta.

"Habari ya kazi, mwanangu? Watoto hawajambo?"

"Nina mmoja," Fundi alisema. "Ulikuwa ukijua."

Mama yule aliinamisha uso.

"Ulikuwa ukijua," Fundi alirudia, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Nimekupa kiti. Nimekupa maji. Umekaa kwangu ukiniita mwanangu, na ulichokileta unakijua."

"Miaka kumi na mbili niliuweka juu ya kabati, sikuutia tone," mama alisema. "Uliita kwa sauti ya marehemu mume wangu. Hilo nililiweza, maana nilijua amekufa. Kisha mjukuu akaja kukaa na mimi. Ukaanza kuita kwa sauti yake. Ulitaka mtoto. Nilipita mtaa huu, nikaona viguo kwenye kamba." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. "Ningempa wangu?"

"Kwa hiyo ukatoa wa kwangu."

"Wewe ungefanyaje?"

Fundi alimgeuzia mgongo. Aliingia chumba cha nyuma, akauviringisha mkoba kwenye shuka lake lilelile. Alikuwa ameamua tangu juzi: atamtupia kifuani, afe nao. Alitoka nao mikononi, na hapo ndipo alipomwona mtoto langoni. Msichana mdogo, anamsubiri bibi yake, kiatu cha kulia kwenye mguu wa kushoto, anachora ardhini kwa kijiti.

Alisimama na shuka lake mikononi. Hasira yake ilitafuta pa kutua, isipaone.

"Ondoka," alisema hatimaye. "Usipite tena mtaa huu. Nikikuona nitakuaibisha mbele za watu."

"Na mkoba?"

"Mkoba unabaki hapa. Wewe si wa kuaminiwa. Utampata mjinga mwingine mwenye kiti na maji."

Mama alilia, akataka kumshika mkono. Fundi aliuondoa. Lakini alipita mpaka langoni, akachutama, akambadilishia yule msichana viatu bila kusema kitu, akakaza mikanda. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango.

Mkoba ameuweka kwenye rafu ya juu, umezikwa kwenye beseni la chaki. Mikoba ya wateja anaishonea sebuleni siku hizi. Mganga hupita kusoma, hunywa chai, humletea Chiriku yai. Akiulizwa utakauka lini kabisa, hutikisa kichwa. Huenda mwaka. Huenda mtoto akaolewa bado unanong'ona. Mume wa Fundi amemfundisha Chiriku kwamba akimtaka mama asiite, aje aonekane. Lakini mtoto ni mtoto.

Jioni moja Fundi alikuwa akipaka nta uzi wake.

"Mama," sauti iliita kutoka nyuma. "Mama, nimeanguka. Mama, damu."

Huko nyuma kulikuwa na ua, na kulikuwa na chumba. Uzi ulimkata kidole jinsi alivyoukaza. Hakuitika. Aliketi pale pale, akihesabu pumzi zake, akisikiliza kama kuna miguu.

"Mama, uko wapi?"

Miguu ikaja. Chiriku alitokea mlangoni, goti limechubuka, uso umevimba kwa kilio na kwa hasira, hasira ileile ya mama yake.

"Nimekuita," alisema. "Nimekuita sana. Mbona huitiki?"

Fundi alimvuta, akamkalisha mapajani, akalipuliza goti, akalifunga kwa kitambaa safi, akiomba radhi kwa mikono. Mtoto alianza kutulia.

Na kutoka kwenye rafu, taratibu, kama mtu anayelionja neno jipya, sauti ileile ikauliza, "Mbona huitiki?"

Chiriku aliinua kichwa na kufungua mdomo aijibu. Fundi akamziba kwa kiganja, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalia, na hakumwachia.