Dada Yake Babu

Kila siku akitoka shule, Kiroboto alitupa mkoba kitandani, akavua viatu bila kufungua kamba, akanywa maji akiwa amesimama, kisha akakatiza mbio kwenye karakana ya baba yake kuelekea uwanjani kucheza netiboli. Jina la Kiroboto alipewa na babu yake, kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuwahi kukaa mahali hadi pakapata joto. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina bado lilimkaa vizuri.

Jumatatu moja alilazimika kubaki nyumbani. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewaagiza wanafunzi wake kumhoji mzee mmoja wa familia, kisha waandike kurasa tatu kuhusu maisha ya ukoo wao tangu enzi za mzee huyo hadi leo. Insha bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Babu alikuwa na miaka themanini. Alikuwa fundi magodoro, kama baba yake, na karakana aliyofanyia kazi maisha yake yote ndiyo ile ambamo baba yake Kiroboto sasa alishona mito na makochi. Kama kulikuwa na mtu aliyemshinda Kiroboto kwa kutotulia, basi ni yeye.

"Haya, Babu, anza. Nyumbani kwenu mlikuwa wangapi?"

"Wanne. Baba, mama, mimi na dada yangu." Babu akainuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi. "Mama alikuwa akichambua sufi. Unaijua sufi? Ni kama pamba, lakini nyepesi zaidi, hutoka kwenye maganda ya mti. Ndiyo tuliyojazia magodoro. Ukipiga chafya tu, chumba kizima kinajaa mawingu."

Kiroboto alicheka, akaandika. "Na dada yako je?"

Babu akainuka tena, akalifungua dirisha lile lile alilolifunga. "Dada alinizidi miaka mitatu. Alikuwa na akili darasani kuliko watoto wote wa mtaa. Halafu..." Mkono wake ukawa unachezea funguo mfukoni.

"Halafu nini, Babu?"

"Halafu nimesahau kumwambia baba yako kuhusu ile sindano ndefu." Akatoka.

Jumanne mambo yakawa yale yale, na Jumatano vilevile. Babu alisimulia alivyomwoa Bibi, alivyolala sakafuni mwezi mzima kwa sababu magodoro yote yalikuwa ya wateja, na jinsi baba yake Kiroboto alivyozaliwa wiki ambayo cherehani ya kwanza ililetwa nyumbani, hata majirani wakawa hawajui waje kutazama kipi. Lakini kila walipomfikia yule dada, Babu alikumbuka kazi. Mara bomba linavuja, mara mlango unalia.

Alhamisi wenzake Kiroboto walimwita dirishani. Timu ilipungukiwa na mchezaji mmoja, na insha ilitakiwa kesho yake. Alitazama nafasi iliyobaki kwenye ukurasa wa tatu. Akainama, akaandika haraka haraka: "Dada yake Babu alisoma kwa bidii mpaka akawa muuguzi mkuu wa hospitali kuu ya mji wetu. Hadi leo wauguzi vijana humwendea kumwomba ushauri." Alivyoipenda sentensi hiyo, akamwongezea muuguzi huyo na miwani yenye mnyororo. Kisha akaruka nje.

Wiki iliyofuata, mwalimu alitangaza kuwa insha ya Kiroboto ndiyo itakayosomwa. Baba yake alifurahi hata akasahau pini midomoni. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, akaichukua insha na kuwasomea nyumbani kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kiroboto alijaribu kuondoka akaambiwa akae.

Walipofika ukurasa wa tatu, Babu aliweka kikombe chini. "Rudia hapo."

Baba akarudia.

"Nani kakwambia hayo, mjukuu wangu?"

Uso wa Kiroboto ukawaka moto. Angeweza kusema wakati ule. Badala yake akajibu, "Mwalimu. Anamfahamu muuguzi mmoja wa pale."

Babu hakuinuka. Kwa mara ya kwanza Kiroboto alimwona ametulia tuli, mikono juu ya magoti. "Kumbe alisoma," alisema taratibu. "Kumbe alisoma hata hivyo."

Kiroboto alikwenda uwanjani, lakini siku hiyo kila mpira ulimponyoka. Aliporudi saa kumi, alimkuta baba yake amesimama uani akipiga simu. Babu hayupo. Koti lake halipo, na viatu vyake vya kutokea navyo havipo. Kwa kinyozi hakuonekana, kwa jirani hakuonekana.

"Miguu yenyewe ile, na barabara zenyewe hizi!" Baba alizunguka ua kama aliyedondosha kitu. "Hajatoka peke yake miaka miwili. Atakuwa amekwenda wapi?"

Kiroboto alijua. Akinyamaza, labda Babu angerudi mwenyewe na hakuna ambaye angegundua. Labda pia asingerudi.

"Baba," alisema. "Najua alikokwenda. Amekwenda hospitali kuu kumtafuta dada yake. Lakini huko dada huyo hayupo. Nilitunga. Yote yale ya muuguzi niliyatunga mwenyewe, na mwalimu hakuniambia kitu."

Baba alitia simu mfukoni. "Vaa viatu," alisema. "Hayo mengine tutazungumza baadaye."

Walimkuta Babu kwenye ukumbi wa mapokezi, akihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Karani, mwanamke mwenye kalamu nywelani, alipumua aliposikia wao ndio jamaa zake. "Tumemwambia mara tatu hakuna muuguzi wa jina hilo. Anasema tutazame tena."

"Labda ni vitabu vya zamani," Babu alimweleza mwanawe kwa furaha. "Amestaafu siku nyingi. Ana miaka themanini na mitatu sasa."

Baba akamsukuma Kiroboto mbele polepole. "Mwambie."

Kiroboto akamwambia, macho yakiwa sakafuni. Alisubiri kufokewa. Babu alitafuta benchi kwa mkono kama mtu aliye gizani, akaketi.

"Kwa hiyo hakusoma," alisema. Kiroboto aliona afadhali angepigwa kofi.

Kisha Babu akaanza kuzungumza pale pale bila kuinuka, na wagonjwa wakapita mbele yake.

"Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikataza moto usifike kwenye ghala la sufi. Nikaiba kiberiti, nikaenda kuchezea humo. Gunia moja likashika moto, halafu yote. Magodoro ya miezi mitatu yaliungua. Baba alipouliza ni nani, nikamnyooshea kidole Dada. Dada aliniangalia tu, hakusema neno. Akaachishwa shule, akapelekwa kuishi kwa shangazi wa mama, mbali sana. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Alikuja kwenye mazishi ya mama, mimi nikajificha karakanani mpaka akaondoka." Alijifuta uso. "Leo niliposikia alisoma, nikaona labda sikuyaharibu maisha yake. Ndiyo maana nimekuja mbio."

Baba yake Kiroboto aliketi kando yake. "Tulipokuwa wadogo, tukivunja kitu hukuwahi kuuliza ni nani. Sisi tulidhani tuna baba mpole."

"Sikuwa mpole, mwanangu. Lile swali nilikuwa siwezi kulitoa mdomoni."

Asubuhi yake Baba alimpigia simu binamu wa Babu, fundi bomba mstaafu, ambaye alikuwa na namba ya dada huyo kwa miaka yote na hakuna aliyewahi kumwomba. Saa nne wakampigia. Babu alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Nani mwenzangu?" sauti ya kikongwe ikauliza kwenye spika ya simu.

"Ni mimi, Dada. Mdogo wako."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Dada, lile ghala la sufi... ni mimi niliyelichoma."

"Najua. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona na kiberiti chako."

Babu alishika meza. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unatetemeka kama kifaranga aliyelowa. Nikafikiri ukilala, ukiamka asubuhi utasema mwenyewe."

"Nimechelewa kuamka, Dada. Ameniamsha mjukuu wangu, aliyeandika kwenye insha yake kwamba wewe ni muuguzi mkuu."

Upande wa pili ukaanza kicheko, na kicheko kikageuka kuwa kilio. "Umechelewa, ndiyo. Sitakudanganya, nililia miaka miwili kwa ajili ya ile shule. Masomo nilikuja kuyaendeleza kwa vitabu vya mwanangu wa kwanza, nikiwa na umri wa miaka thelathini. Nilikuwa mpishi wa shule, na wajukuu zangu wawili ni walimu. Sikuharibikiwa. Lakini niliumia. Njoo nikuone kabla macho hayajagoma. Na uje na huyo mtoto aliyenipa uuguzi."

Jumatatu Kiroboto alimweleza mwalimu ukweli wote. Mwalimu alifuta jina lake kwenye ratiba ya kufunga shule. "Ungeniambia ni hadithi, ningekusifu kwa kutunga," alisema. "Uliniletea kama kweli, nami nikaamini. Andika upya." Babu alimruhusu aandike kila kitu bila kumpaka rangi. Siku ya kufunga shule, msichana mwingine alisoma insha yake juu ya bibi yake mkunga, na Kiroboto akapiga makofi.

Jumamosi iliyofuata walisafiri, yeye, Babu na Baba. Waliposhuka kwenye basi, walitembea kwa miguu kuelekea nyumba ya dada yake Babu. Babu alimshika mjukuu wake mkono.

"Uongo wako ulikaa wiki moja," alisema, "na umeona ulivyotukimbiza mji mzima. Wangu ulikaa miaka sabini na moja. Nilidhani nikinyamaza, uongo utazeeka na kufa. Wapi! Mimi ndiye niliyezeeka. Ukikosea, mjukuu wangu, sema siku hiyo hiyo, hata kama midomo inatetemeka. Mtu anayekupenda atakasirika, kisha atapoa. Lakini ukificha, unamnyima nafasi ya kukusamehe, na wewe mwenyewe hupati pa kutulia."

"Nimesikia, Babu," alisema Kiroboto.

Walikuwa hawajabisha hodi bado. Mlango ukafunguliwa, na kikongwe mwembamba akatoka kibarazani kwa hatua ndogo ndogo, mikono yote miwili ameinyoosha mbele.