Mstari wa Nyuma ya Nyumba

Mara ya kwanza Nives kumwona Jakša, alikuwa na pipa kichwani.

Ilikuwa Jumamosi ya Juni, bandari ya Split imejaa watu na masanduku, na Jakša alikuwa anawahi meli ya kwenda kisiwani Vis. Pipa jipya la kukamulia zabibu lilikuwa kubwa mno kubebwa mikononi, basi alilivaa kama kofia na kutembea akifuata miguu ya watu. Miguu ya Nives hakuiona. Alimgonga begani, na aiskrimu ya limau ikateleza kwenye gauni jeupe la kitani, kutoka kifuani hadi kiunoni.

"Wewe pipa!" Nives alifoka. "Huna macho?"

"Ninayo, ila yako humu ndani," sauti ikajibu, ikivuma kama ya padri kanisani.

Pipa likainuliwa. Chini yake kulikuwa na uso ulioungua kwa jua, na meno yenye mwanya.

"Gauni hili nalivaa kwa mara ya kwanza leo."

"Nina bahati basi, nimekuwa wa kwanza kuliona."

"Na mdomo unao!"

"Ngoja nikununulie aiskrimu nyingine."

"Meli yako inaondoka."

"Itarudi jioni, dada. Hufanya hivyo kila siku."

Meli ikaondoka. Yeye akabaki.

Kiangazi chote alivuka bahari kila Jumamosi. Waliogelea kwenye ufukwe wa Bačvice, wakala dagaa wa kuchoma kwa vidole, na Nives, aliyekuwa na saluni ndogo nyuma ya soko la mboga, alimkata nywele bure na kuzifagia mwenyewe asije mtu mwingine akazigusa. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na wivu wake ulikuwa na sababu. Baharia aliyemtangulia Jakša alikuwa na mchumba mjini Rijeka kwa miaka miwili, na Nives alijua siku kadi ya harusi ilipoletwa saluni.

Kwa hiyo simu zao zilikuwa hivi:

"Uko wapi?"

"Shambani, roho yangu."

"Na nani?"

"Na punda."

"Jike au dume?"

"Jike. Ila ana miaka ishirini na sita, na mimi simpendezi."

"Mweke nimsikie."

Na Jakša, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, alishika simu kwenye pua ya punda mpaka mnyama akalia.

Septemba ikafika. Zabibu ziliiva, na Jakša hakuvuka tena.

"Nitafunga saluni wiki nzima nije kuvuna," Nives alimwambia. "Mikono ninayo na mkasi ninao."

"Mwaka huu hapana, mpenzi."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza. Siyo kwenye simu."

"Kuna nini cha kueleza? Unaniona sifai kukata zabibu?"

"Siyo hivyo. Nives, tafadhali. Subiri kidogo."

Angeuliza swali moja zaidi, mambo yangeisha hapo. Alikata simu.

Jumamosi iliyofuata, bibi Fabjana wa Vis aliketi kwenye kiti cha saluni, rangi ya kahawia kichwani, simu mkononi. Alikuwa mjini kwa binti yake na alikuwa na njaa ya kusema.

"Kwetu kuna harusi inanukia," alisema. "Perina na Jakša wa mama Mare. Kijana yuko shambani kwa Perina tangu Alhamisi. Mtazame huyu." Akamgeuzia picha kwenye simu.

Alikuwa yeye. Mbele ya meza ndefu, mkate mkononi, kichwani kitambaa cha kike chenye maua mekundu. Begani mwake mkono wa mwanamke mzuri, mweupe wa meno, mpana wa mabega.

Nives alitoka nje, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Shambani."

"Kwa nani?"

Nyuma ya sauti yake mwanamke alicheka. "Jakša! Acha simu, kikapu kimejaa!"

"Nives, sikiliza—"

"Huyo siyo punda," alisema, akakata.

Alikaa juu ya kreti ya kabichi sokoni nusu saa nzima, akilia. Aliporudi, rangi ilikuwa imekaa mno. Bibi Fabjana aliondoka saluni na nywele za zambarau.

Saluni hufungwa Jumatatu. Jumatatu hiyo Nives alivaa gauni jekundu la kubana, na viatu vya visigino virefu, akapaka mdomo rangi ileile, akapanda meli ya asubuhi. Kwenye benchi la mbele yake aliketi bibi Fabjana, skafu imefungwa mpaka kwenye nyusi.

"Sijakusamehe," bibi alisema.

"Hata mimi sijajisamehe. Shamba la Perina liko wapi?"

Bibi alimtazama gauni, viatu, mdomo. "Nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Hili silikosi."

Basi dogo liliwashusha kwenye njia ya mawe. Watu kumi na wawili walikuwa wameinama kati ya mizabibu, na Jakša katikati yao na kitambaa chake cha maua. Nives aliingia shambani, visigino vikizama kila hatua.

"Kinakupendeza," alisema. "Cha harusi?"

Jakša akainuka, mikono myeusi kwa maji ya zabibu.

"Nives! Umekujaje?"

"Kwa meli. Hufanya hivyo kila siku."

Perina akaja akijipangusa mikono. "Wewe ndiye yule wa mjini?"

"Na wewe ndiye kile kicheko cha kwenye simu."

"Ndiyo mimi. Sikiliza, dada, nikuambie bila kuzunguka. Nilimtaka. Mwaka jana nilimwambia usoni, akakataa usoni. Nililia siku mbili, nikaendelea na kazi. Wiki iliyopita mimi na ndugu zangu tulivuna kwake, sasa anavuna kwetu. Hivyo ndivyo tunavyoishi hapa, la sivyo zabibu zinaozea mtini. Kitambaa nilimpa kwa sababu jua lilikuwa linampika kichwa."

"Na mkono begani?"

Perina alicheka. "Huo niliuweka makusudi. Nilijua bibi Fabjana anapiga picha."

Nives akamgeukia Jakša. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni na hakutaka yamwagike mbele ya huyu mwanamke.

"Watu wote hawa wamevuna kwako. Mimi ukanikataza. Unanificha, Jakša. Nimewahi kufichwa, naijua ladha yake."

"Sikukuficha." Alivua kitambaa, akakikunja, akakikunjua. "Hapa msichana asiye wa kijijini akivuna shambani kwenu na kula kwa mama yako, jioni kila mtu anamwita mkwe. Hakuna anayemuuliza yeye. Nami nilikuwa sijakuuliza. Nilitaka nije Split siku ya Mtakatifu Martino, mwezi wa Novemba, na mvinyo mpya, niketi mbele ya mama yako kama mtu."

"Ungesema."

"Niliogopa. Ukija kwanza ukaona nyumba yenyewe, paa linavuja, punda, mama anayesema siku nzima... ungerudi kwenye mkasi wako."

"Ukaona heri nifikiri una mwanamke."

"Nilikosea," alisema Jakša. "Nilikosea vibaya."

Nives alipangusa jicho kwa kiganja. Kisha akavua viatu, kimoja, kingine.

"Kwenu kumebaki kitu cha kuvuna?"

"Mstari mmoja tu, nyuma ya nyumba. Mama huuacha uive mpaka mwisho, kwa mvinyo mtamu." Akamtazama miguu mitupu. "Nives, ukivuna huo, nimekwambia watasema nini."

"Nimekusikia. Hicho kitambaa mrudishie mwenyewe."

Paa lilikuwa linavuja kweli, na mama Mare alisema bila kupumua. Nives alivuna mstari mzima peku, gauni jekundu likilowa kwenye pindo, huku Jakša akimfuata na ndoo, asithubutu kumsaidia. Kisha aliketi mezani. Mama Mare akanyamaza kwa mara ya kwanza, akamkatia mkate wa dagaa, kipande cha katikati.

Bibi Fabjana alikuwa ameegemea ukuta wa ua, skafu imeteleza, zambarau inang'aa, simu imeinuliwa.

"Sogea huku, bibi," Nives alimwambia, mdomo umejaa. "Upige vizuri. Na umtumie Perina kwanza."