Siku Bibi Akanisi Hakukimbia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Vilimaina alimsindikiza bibi yake uwanjani. Labasa, mji wao wa kisiwani, ulikuwa ukinukia miwa inayopikwa kiwandani. Bibi Akanisi, mwenye miaka sitini na minane, alizunguka uwanja na wanawake wenzake wanne huku mjukuu wake akishika saa. Vilimaina aliwapenda wazee wale kupita kiasi. Walipotoka kwenye kona, mvi zikipepea na mikono ikikata hewa, alisahau hata kutazama saa.

Aliyeshindana na Bibi hasa alikuwa mmoja wa wale wanne, Bi Kamla, mshonaji wa miaka sabini. Kwa miaka sita mfululizo, kwenye mashindano ya wazee, alikuwa amefika wa pili nyuma yake.

"Akanisi, mwaka huu utaona kisogo changu," alitania.

"Nimekizoea, Kamla. Huwa nakiona kabla sijakupita!"

Jumatatu ya wiki ya mashindano, wenzake walipokuwa wamekwenda kunywa maji, Bibi alisimama ghafla katikati ya mzunguko. Alishika kifua, akainama. Midomo yake ilikuwa ya kijivu.

"Bibi! Una nini?"

"Kifua kimebana tu, mpaka kwenye taya. Kitaachia." Alimshika mkono kwa nguvu. "Usimwambie mtu, Vili. Wakijua, Jumamosi watanizuia. Niahidi."

Vilimaina aliahidi, na tangu hapo woga haukumtoka. Darasani alishtuka kila mlango ulipogongwa, akidhani wamekuja kumwita. Nyumbani alisimama nje ya chumba cha Bibi akisikiliza kama anapumua. Jumatano alimkuta ameegemea sinki, jasho likimtiririka.

"Gesi tu hiyo, ya mihogo," Bibi alisema, akajilazimisha kucheka.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanawake watano walijipanga kwa mbio za mita mia nane. Bibi alikuwa akisugua bega la kushoto, na midomo ilikuwa ya kijivu tena. Vilimaina akisema, Bibi hatamwamini tena maishani. Akinyamaza je?

"Kwenye nafasi zenu!"

Aliruka uzio, akamkimbilia Bi Kamla aliyekuwa karibu na uzio. "Bi Kamla, Bibi anaumwa kifua! Tangu Jumatatu! Alinikataza kusema!"

Bi Kamla alimtazama Akanisi, kisha akautazama uwanja uliokuwa wazi mbele yake. Akakaa chini, papo hapo kwenye njia yake.

"Kamla, una wazimu? Inuka!"

"Siinuki. Mtoto kasema kweli au kasema uongo?"

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Vili, nilikuomba kitu kimoja tu."

Vilimaina alilia. "Nikasirikie, Bibi. Mimi naogopa utakufa."

Mwanamke wa njia ya pili akakaa. Wa tatu akafuata, na wa nne. Mwanzishaji wa mbio akashusha bastola yake. Bibi Akanisi alibaki amesimama peke yake, kisha miguu ikamlegea, na Bi Kamla akainuka upesi akawahi kumdaka.

Daktari wa hospitali alisema mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umekaribia kuziba kabisa. "Angekimbia leo, nadhani tusingekuwa naye." Bibi alipelekwa Suva, mji mkuu, kwa ndege ili mshipa huo uzibuliwe. Kwa siku tisa, kila simu ilipolia, Vilimaina alijificha chumbani asisikie habari.

Siku ya kumi Bibi alirudi mwenyewe, amekonda, anatembea taratibu. Bi Kamla alikuwa amekuja na sufuria ya mchuzi. Vilimaina alisimama mlangoni, hakuthubutu kumkaribia.

"Bado umenikasirikia, Bibi?"

"Njoo hapa." Bibi alimkalisha kando yake. "Nilikosea mimi. Nilikutwisha mzigo wa mtu mzima kwa sababu ya tamaa ya ushindi. Mtu yeyote akikuomba ufiche maumivu yake, hata akiwa bibi yako, mwambie mkubwa mwingine upesi. Hasira yangu iliisha kabla sijafika Suva. Kama ungenyamaza, leo mngekuwa mnanililia."

"Na daktari amesema atakimbia tena?" Vilimaina aliuliza, akimtazama Bi Kamla.

"Baada ya miezi sita, polepole," Bi Kamla alisema. "Nami nitamsubiri. Sitaki medali ya kukimbia bila yeye."