Jeni ni Nani?

Lucia alikuwa anafunga vitunguu saumu vya kupeleka soko la Dongobesh. Simu ya Modest, mume wake, ikalia ndani ya koti. Lucia hana tabia ya kusoma meseji za mumewe. Siku hiyo alisoma.

"TATIZO NI JENI. NJOO TUONGEE. VERONICA."

Wanawake wawili katika meseji moja!

Modest aliporudi kutoka shambani, hakuwahi hata kuweka jembe chini.

"Jeni ni nani?" Lucia akauliza.

"Jeni gani?"

"Kwani wako wangapi?"

Modest akasoma meseji. "Veronica ni nesi! Ndiye aliyemtoa Fransiska damu ya kupelekwa kupimwa hospitali kubwa."

"Na Jeni?"

"Simjui!"

"Mbona unatoka jasho?" akauliza Bibi Marieta, mama yake Modest.

Fransiska, mtoto wao, alikuwa na miaka minne. Zamani aliweza kuita "baba". Kisha maneno yakapotea. Sasa alikuwa anasugua mikono kutwa nzima. Bibi alisema mtoto haelewi kitu, na kwamba kasoro imetoka Masakta, kwa ukoo wa Lucia. Maneno hayo yalimliza Lucia mara nyingi.

Kesho yake wote wakaenda zahanati.

"Shikamoo, bibi," nesi akaamkia.

"Marahaba. Jeni yuko wapi?"

Nesi alicheka mpaka akafuta machozi. "Nisameheni, ningewaita tu. Jeni si mtu. Ni agizo ndani ya mwili. Kila seli ya mwili ina uzi mwembamba, na kwenye uzi huo kuna jeni nyingi. Jeni moja inaitwa MECP2. Inatengeneza protini inayoshika uzi huo. Protini hiyo inaongoza jeni nyingine: hii ifanye kazi, ile inyamaze."

"Imetoka ukoo gani?" Bibi akadakia. "Kwetu haipo!"

"Na kwetu haipo!" Lucia akasema.

"Jamani, na mimi niseme!" Modest akapaza sauti.

Wakasema wote pamoja. Nesi akangoja mpaka wakachoka.

"Nani kamsikia mwenzake?"

Bibi akatikisa kichwa.

"Mmekosa mwenyekiti wa kikao. Protini hiyo ndiyo mwenyekiti kwenye ubongo. Ya Fransiska haifanyi kazi vizuri. Mara nyingi jeni hii huharibika yenyewe, kabla mtoto hajazaliwa. Si kosa la ukoo wowote."

Lucia akalia, safari hii kwa nafuu.

"Kuna dawa?" Modest akauliza.

"Ya kuponya bado. Lakini mnyoosheni viungo kila siku. Mlisheni akiwa amekaa wima. Tena mwongelesheni. Anaelewa mengi kuliko anavyoweza kuonyesha. Mpeni vitu viwili, achague kwa macho."

Wakafanya hivyo. Baada ya miezi mitatu Fransiska alikuwa anachagua uji au maziwa kwa kukitazama kikombe.

Jumapili moja wazazi wakasimama mbele yake.

"Nani akubebe kwenda kanisani?" Modest akauliza. "Baba au mama?"

Fransiska akamtazama baba. Akamtazama mama. Kisha akageuza macho, akayatuliza kwa Bibi Marieta.

Bibi akachutama, akampa mgongo apande.