Ribaundi Kumi na Nne

Duka la magodoro, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, si mahali pa mtu mwenye akili zake kujilaza. Wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, wachukuzi wanapita na mizigo kichwani wakiomba njia, na muuzaji anajibu watu watatu kwa mdomo mmoja. Katikati ya vurugu hiyo, juu ya godoro kubwa kuliko yote dukani, mwanamume mmoja alikuwa amelala chali, macho kafumba, mikono kifuani. Miguu yake ilikuwa inaning'inia nje ya godoro kuanzia juu ya vifundo.

Dada mmoja karani alikuwa amekuja kununua mto tu. Siku hiyo alivaa gauni la kijani la mikono mirefu, viatu vya chini, na miwani ambayo hakuihitaji sana ila ilimpa heshima. Alisimama upande wa miguu ile akaitazama kwa huruma.

"Kaka," akasema, "hii miguu utaipangishia chumba chake?"

Mwanamume akafungua jicho moja. "Dada yangu, hili ni duka la nne. Kila ninapojaribu nalala mpaka hapa tu. Kuanzia hapa kwenda chini namwachia Mungu."

"Nunua hilo hilo, halafu nunua na kipande cha sponji. Fundi akushonee kwa chini, kama mtu anavyoongeza pindo la sketi."

Mwanamume akaketi. Hata alipoketi, yeye na dada aliyesimama walitazamana macho kwa macho. Alikuwa na uso mpole, shati jeupe lililokuwa fupi mikononi, na kicheko kilichoanza taratibu.

"Kumbe wewe ni fundi wa magodoro."

"Mimi kazi yangu kuhesabu."

"Kuhesabu nini?"

"Makosa ya watu."

"Basi nipe namba yako ya simu, nikikosea nikupe taarifa mapema."

Karani alikuwa hajawahi kumpa namba mtu aliyemkuta amelala. Siku hiyo alimpa, na mto akausahau kaunta.

Jumatatu yake alikuwa mezani kwake kazini, pembeni ya uwanja wa timu ya mpira wa kikapu. Yeye ndiye aliyekuwa karani wa takwimu: kila pointi, kila pasi, kila ribaundi, yaani mpira unaogonga pete ukarudi na mtu akaudaka, yeye ndiye wa kuandika. Mlango ukafunguliwa, mchezaji mpya akaingia ameinamisha kichwa asijigonge. Kabla ya saa sita wenzake walishambatiza jina la Ngazi. Alipopita kwenye meza ya karani alijifanya anafunga kamba za viatu.

"Kumbe makosa yenyewe ni yangu mimi," akanong'ona.

"Na nimeshaanza kuyaandika. Umechelewa dakika nne."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Godoro liliongezwa kipande, na kwa kuwa fundi hakuwa na kitambaa cha kufanana, kipande kikavishwa chekundu. Ngazi alimwita Hakimu wangu, na kwenye simu usiku alimuuliza kila mara, "Leo umenihukumu miaka mingapi?" Yeye naye alijibu, "Maisha, na kazi ngumu." Mapenzi ya watu wazima yakinoga huwa na utoto mwingi.

Ila waliyaficha. Hakuna sheria iliyowakataza, walichokiogopa ni midomo. Karani akimpenda mchezaji, nani ataziamini hesabu zake? Kwa hiyo alikula kiapo kimoja rohoni, hakumwambia mtu, hata mwenyewe Ngazi. Kuna mipira ambayo wachezaji wawili wa timu moja huirukia pamoja na kuishika pamoja, na karani ana nusu dakika ya kuamua imeingia kwenye hesabu ya nani. Aliapa kwamba kwenye mpira wa namna hiyo kalamu yake haitamwelekea Ngazi. Akalala usingizi mzuri msimu mzima, akijiona mwadilifu.

Jamani, kuna wema mwingine unauma kuliko ubaya.

Msimu ukaisha, timu ikashika nafasi ya tatu, na wakati wa kupanga kikosi kipya ukafika. Ni wakati mbaya huo. Wachezaji wanasalimiana kwa kuchungulia, simu ya ofisi ikiita kila mtu anaacha anachofanya. Meneja, mwanamume mfupi anayetembea na kikokotoo mfukoni, alimwita karani.

"Chini ya kikapu nina wawili, Nyundo na Ngazi. Msimu ujao nabaki na mmoja. Kocha anasema kwake wote sawa. Niletee ribaundi zao za mechi zote ishirini na mbili, anayezidi ndiye anayebaki."

Alizijumlisha mara tatu. Nyundo, mia moja tisini na nane. Ngazi, mia moja themanini na tisa. Akaipeleka karatasi ilivyo, kwa sababu karani haandiki anachotamani. Siku ya pili yake Nyundo aliitwa akasaini. Siku ya tatu Ngazi alipewa barua.

Ngazi alimpigia simu mchana huo huo. "Njoo kwangu," alisema, na hakumwita Hakimu.

Chumbani feni ilikuwa inazunguka bila kuleta hewa. Ngazi alikuwa amevaa bukta ya mazoezi na soksi bila viatu, barua imefungwa ndani ya kiganja. Akafungua mlango wa kabati. Kwa ndani, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mistari ya chaki, mitano mitano.

"Nilikuwa nachora kila nikirudi kwenye mechi. Mia mbili na tano. Barua inasema wewe una mia moja themanini na tisa. Kumi na sita zimekwenda wapi, mpenzi?"

"Mchezaji akijihesabia mwenyewe hujizidishia."

"Moja, mbili, sawa. Kumi na sita?" Akafunga kabati taratibu. "Nyundo anakurudisha nyumbani kwa gari lake kila mechi. Nikawa najiambia ni ujirani."

"Ni ujirani."

"Nitajuaje? Mimi nina miaka thelathini na tatu. Nimeikataa timu nyingine nikisubiri hii, kwa sababu yako. Halafu aliyenikata ni kalamu yako."

Karani alivua miwani, akaishika mkononi. Aibu na hasira zilimjia pamoja, asijue ipi inatangulia. Angesema pale pale habari ya kiapo chake, mambo yangeweza kuwa mengine. Lakini neno lile kuhusu Nyundo lilikuwa limemchoma.

"Kama umeshaniweka kwenye fungu hilo, sina la kukujibu," akasema, akashika njia.

Siku mbili alipiga simu, haikupokelewa. Nyumbani aliishi na mama yake mdogo, mwanamke asiyepitwa na jambo hata akiwa amegeukia ukuta.

"Mwanangu, umekonda kwa siku mbili kama mtu wa homa. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mama mdogo."

"Huyo hakuna mtu ni mrefu sana. Nilimwona akizungumza na wewe juu ya geti, geti lenyewe halijafunguliwa." Akaendelea kukunja nguo. "Umemkosea, au amekukosea?"

"Sijui."

"Si ndiyo kazi unayolipwa? Nenda kahesabu."

Akaenda. Mechi zote zilikuwa zimerekodiwa, na kompyuta ya ofisi ilikuwa yake. Alijifungia tangu asubuhi, akatafuta kila mpira ambao Ngazi aliurukia pamoja na mwenzake, akaurudisha nyuma, akausimamisha, akatazama vidole vya nani vimetangulia kuushika. Wa kwanza ulikuwa wa Ngazi wazi wazi. Wa pili ulikuwa wa Nyundo, akashusha pumzi. Wa tatu wa Ngazi, wa nne wa Ngazi. Kufika jioni ya siku ya pili alikuwa na ribaundi kumi na nne alizomnyima. Kumi na moja alimpa Nyundo, tatu aliwagawia wengine. Hesabu ya kweli ilikuwa hii: Ngazi mia mbili na tatu, Nyundo mia moja themanini na saba.

Alilia hapo hapo mezani, kilio cha mtu aliyejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Wivu wa Ngazi ulikuwa wa kijinga. Lakini kwenye hesabu Ngazi alikuwa na haki, na aliyemtoa kwenye timu hakuwa Nyundo wala meneja.

Asubuhi akamwekea meneja karatasi mpya mbele yake, akamweleza yote, na habari ya mapenzi na ya kiapo. Meneja alisoma, akatoa kikokotoo, akakirudisha mfukoni.

"Nyundo ameshasaini. Ana mke na watoto wanne, nikamwambie nini?"

"Sisemi umtoe Nyundo. Hana kosa."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka iandikwe."

Meneja akasugua paji la uso. "Sikiliza, binti yangu. Ile timu aliyoikataa imerudi kumuulizia. Wanataka takwimu zake leo, zenye saini yako na muhuri wetu. Wameisikia ile hesabu ya kwanza, wanasitasita. Hata hivyo watumie ile ile niliyoipitisha. Ukituma nyingine, unatangaza kwamba msimu mzima hapa tumehesabiwa na moyo wa mtu."

"Ndivyo ilivyokuwa, bosi."

"Ukinyamaza, kazi yako ipo, na huyo kijana hatajua kamwe. Atadhani amezidiwa tu. Ukiituma hii mpya, Jumatatu usije."

Alitoka akakaa mezani kwake muda mrefu. Miaka sita alikuwa amekaa pale, na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Tena meneja alisema kweli, akinyamaza Ngazi hatajua. Wakipatana, wangeweza kuzeeka pamoja na yeye hajui. Ni hilo lililomtisha kuliko kukosa kazi. Akafungua droo, akatoa muhuri, akagonga karatasi mpya, akasaini jina lake lote, akaituma. Kisha akachukua kalamu zake na mto mdogo wa kiti, akaaga mlinzi.

Kwa Ngazi alikuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia kijana amekwenda duka la magodoro, anauza godoro lake, kesho anarudi kwao.

Ilikuwa Jumamosi tena, watu tele. Alimwona kabla hajafika, kichwa kimepita vichwa vya wote. Godoro lilikuwa limelazwa uani nyuma ya duka, kwa fundi, mnunuzi amesimama pembeni, bwana mmoja mfupi mwenye kofia. Fundi alikuwa ameshika kisu, ameshaanza kufumua mshono wa kile kipande chekundu, maana mnunuzi alisema hana miguu ya kukilipia.

"Subiri kidogo, fundi," karani akasema.

Ngazi aligeuka. Alikuwa amevaa lile shati jeupe la siku ya kwanza, halijapigwa pasi.

"Wamenipigia sasa hivi," akasema, kama mtu anayezungumza na mgeni. "Ile timu. Wananichukua. Wamesema mia mbili na tatu, nikadhani wamekosea mtu."

"Hawajakosea. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea kwa makusudi." Akamwambia yote palepale, fundi anasikia, bwana wa kofia anasikia. "Mpira ukiwa na mashaka, nilikunyima. Niliogopa watasema nakupendelea. Nyundo hajui lolote. Ni mimi niliyekutoa kwenye timu."

Ngazi aliokota uzi uliofumuliwa, akauzungusha kidoleni.

"Kwa hiyo ulipokuwa unanipenda, ulikuwa unaniogopa?"

"Nilikuwa naogopa watu. Na woga ukanishinda."

"Ungeniambia tu, Hakimu. Ningeruka peke yangu."

Jina hilo lilimvunja. Akafuta macho kwa mkono wa gauni.

"Meneja amesemaje?" Ngazi akauliza.

"Amesema Jumatatu nisije."

Ngazi akaketi polepole kwenye godoro, magoti yakafika kifuani. Akaangalia ule mto mdogo na kalamu mkononi mwa karani, ndipo akaelewa karatasi ile imemgharimu nini.

"Mimi pia nilikutupia neno baya," akasema. "Lile la Nyundo. Nilijua ni uongo nikiwa nalisema."

"Najua."

"Na zangu ni mia mbili na tano."

"Mia mbili na tatu. Mbili umejipendelea. Mpira mmoja ulikuwa umeshatoka nje ya uwanja, hata refa alipiga filimbi."

Ngazi akacheka bila kutaka, kisha kicheko kikakatika. "Sijui kama nimeshakusamehe. Sitakudanganya. Hapa nilitaka nizeekee, na huko niendako ni mwendo wa siku nzima na simjui mtu." Akapiga godoro kwa kiganja. "Lakini hili siliuzi tena. Ni la watu wawili, na kulisafirisha kunahitaji mtu wa kushika upande wa pili."

"Hiyo ni posa?"

"Hiyo ni ribaundi ya mashaka, tumeishika wote wawili. Karani ni wewe. Andika."

"Na mimi nilale wapi?" akauliza bwana wa kofia.

Karani alichagua kalamu moja, akainama, akaandika kwenye kile kitambaa chekundu: Ngazi, moja.

Ngazi akasoma. "Na yako mbona hukuandika?"

"Mimi nilishachukua kumi na nne."

Ngazi alimwomba fundi aurudishie ule mshono uliofumuliwa, naye fundi akatafuta sindano. Ulipokwisha wakalinyanyua godoro, mmoja kila upande, ingawa upande wa karani ulikuwa chini sana na ikabidi Ngazi atembee ameinama mpaka barabarani.